Kabla Hujasema "Ndaja": Vitenzi kwa Mgeni wa Kasulu na Kibondo

Ukipata barua ya kupangiwa kituo Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, wa kwanza kukushauri atakuambia usihangaike na lugha, kule Kiswahili kinatosha. Hajakudanganya. Darasani ni Kiswahili, mahakamani ni Kiswahili, stendi ni Kiswahili, na bei ya maharage utatajiwa kwa Kiswahili. Lakini kazi ya ualimu, uuguzi, ugani au biashara haiishii kwenye bei. Mama akimleta mtoto zahanati atakueleza kwa Kiswahili chake, kisha atamgeukia bibi aliyemsindikiza, na hapo ndipo maelezo yenyewe yatakapotoka: mtoto alianza lini, alikula nini, nani alimpa dawa. Mkulima atakuitikia "ndiyo" mkutanoni, halafu njiani atawaambia wenzake alichokielewa hasa. Maelezo hayo yote yamebebwa na vitenzi. Majina ya vitu utayaokota kwa kuonyesha kidole. Kitenzi hakionyeshwi kidole.

Habari njema ni kwamba Mswahili anayeanza kujifunza Kiha haanzii sifuri. Muundo wa kitenzi anao tayari kinywani. Kinachomwangusha ni mambo machache, tena yaleyale karibu kila mara, na ushauri wangu wote ni huu: muda wako utumie kwenye hayo machache, usiumalize kukariri majedwali.

Kwanza tuelewane ni lugha gani tunaizungumzia. Wenyeji wa nyanda hizi ni Waha. Upande wa Kasulu ndiko ilikokuwa himaya ya Heru, upande wa Kibondo ni Muhambwe, na ukipanda kaskazini hadi Kakonko uko Buyungu. Ng'ambo ya mpaka ni Burundi, na Kirundi ni ndugu wa karibu sana wa Kiha. Mha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Tanzania kwenyewe Kihangaza na Kishubi cha Ngara, pamoja na Kivinza, ni wa ukoo huohuo, na Kinyarwanda nacho kimo. Zaidi ya hapo, Kirundi hakiko ng'ambo tu. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka huohuo. Watumishi wengi waliopita wilaya hizi wamejikuta wanahitaji sikio la Kiha na la Kirundi kwa siku moja.

Mifano nitakayotoa nimeiandika kwa Kirundi. Sababu ni ya kivivu lakini ni nzuri: Kirundi kinafundishwa shuleni Burundi, tahajia yake imetulia, na sarufi zake ni nyingi. Kiha cha Heru si nakala ya Kiha cha Muhambwe, na vyote viwili si Kirundi cha Ruyigi. Basi kila mfano upeleke kwa mwenyeji wako na umuulize, "Hapa mnasemaje?" Swali hilo pekee litakufundisha zaidi ya makala hii, na litamfurahisha anayeulizwa.

Anza na unachokijua. Chukua kulima. Kirundi ni kurima. Mswahili akisema silimi, Mrundi anasema sindima. Halimi ni ntarima, hawalimi ni ntibarima. Kikanushi kiko mwanzoni, nafsi inafuata, mzizi unakuja nyuma, na nafsi ya kwanza umoja ina kikanushi chake cha peke yake, si-, kama kwetu. Hata uamuzi kwamba irabu ya mwisho ibaki -a katika ukanushi, pale sisi tunapoweka -i, ni kukupunguzia kazi. Kulimia ni kurimira, kufanyia kazi ni gukorera. Ukitazama vizuri utaona i na e zinabadilishana kwa kufuata irabu ya mzizi, kama zinavyofanya katika limia na somea. Kupendana ni gukundana. Kauli hizi usizisomee. Zitakuja zenyewe.

Sauti nazo zina utaratibu wake. L yetu kwao mara nyingi ni r: kulima na kurima, kulia na kurira, kula na kurya. P yetu mara nyingi ni h: kupa kwao ni guha, kupita ni guhita. Ukishalizoea hilo, maneno mengi yatajifungua bila kamusi. Ila jihadhari na n ya "mimi", kwa sababu haikubali kukaa kimya mbele ya sauti nyingine. N ikikutana na r huzaa nd, kwa hiyo "nalima mahindi" ni ndima ibigori. N ikikutana na h huzaa mp: "nipe maji" ni mpa amazi. Mgeni akisikia ndima leo, kesho akasikia arima, huandika vitenzi viwili daftarini, "kudima" na "kurima", kisha anashangaa lugha ina maneno mengi kiasi gani. Ni kitenzi kimoja. Ukikutana na kitenzi kipya, usikihifadhi kwa nafsi ya kwanza. Kihifadhi kwa nafsi ya tatu, ambako mzizi hauna pa kujificha.

Jambo jingine la sauti ni hili la ku- na gu-. Utasikia kurima, kugenda, kubona, lakini gukora, guteka, gusoma, gutaha. Kanuni ni nyepesi: ku- ikitangulia mzizi unaoanza kwa sauti isiyotetemesha koo, kama k, t, s au h, inageuka gu-. Ki- nayo inageuka gi- kwa sababu ileile, ndiyo maana wenyewe lugha yao huiita Giha huku ya jirani ikibaki Kirundi. Wanaisimu wanaiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi, hapo jirani tu kwa mtu wa Kigoma. Haiishii kwenye jina la kitenzi. "Nakuona" ni ndakubona, lakini "nakupenda" ni ndagukunda. "Sisi" inaweza kuwa tu- au du-: turima ibigori, lakini dukora. Ukisahau na kusema "kukora" utaeleweka na utachekwa kidogo. Hakuna lililoharibika. Hii ni kanuni ya kuzoea kwa mdomo, usiipe usiku wako.

Usiku wako upe -ra-.

Msikilize mtu akiulizwa kazi yake. Swali: Ukora iki? Unafanya kazi gani? Jibu: Ndarima. Nalima. Swali la pili: Urima iki? Unalima nini? Jibu: Ndima ibigori. Nalima mahindi. Mswahili anasikia ndarima na ndima, zote "nalima", akadhani moja ni ya sasa hivi na nyingine ni ya kila siku, kama tunavyotofautisha ninalima na hulima. Sivyo kabisa. Wakati ni mmoja. Kilichobadilika ni mahali habari ilipo. Kitenzi kikiwa chenyewe ndicho habari, au kikiwa ndicho kinachofunga sentensi, kinavaa -ra-. Habari ikiwa ni kile kinachofuata kitenzi, yaani mahindi, au kwa nani, au wapi, kitenzi kinaivua -ra- na kuegemea neno lililo mbele yake. Ndiyo maana swali lenye "nini" halina -ra-: ukora iki, wala si "urakora iki". Anayeuliza anajua kwamba unafanya kitu. Anachotafuta kiko baada ya kitenzi.

Sasa endelea na mazungumzo yaleyale. Mahindi yameshatajwa, yanajulikana. Mtu akiulizwa kama kweli anayalima, atasema ndabirima: n-, -ra-, bi- ya yale mahindi, kisha mzizi. Mahindi yameingia ndani ya kitenzi kama kiwakilishi, nje hakuna kilichobaki, na -ra- imerudi. Ukiweza kuifuata safari hiyo ya hatua tatu, ndarima, ndima ibigori, ndabirima, umeshika jambo ambalo wageni hukaa nalo miaka bila kulijua. Watu huwaelewa, kwa kweli, lakini kila sentensi yao inatoka imekazia mahali pasipo. Ni kama mtu anayesoma taarifa ya habari huku akipaza sauti kwenye viunganishi.

Zoezi ninalolipendekeza halihitaji kitabu. Chukua vitenzi vitano tu vya maisha ya hapo ulipo: kulima, kupika, kufanya kazi, kununua, kusoma. Kwa kila kimoja mfanye mwenyeji akujibu maswali mawili, la "unafanya nini" na la "unalima nini, unapika nini". Usimwambie unatafuta -ra-. Ukimwambia ataanza kukutungia sentensi za shuleni. Wewe uliza tu, naye ajibu kama anavyojibu watu.

Kwenye ukanushi -ra- inakuwekea mtego, na mtego huu una gharama. Umeshaona kwamba silimi ni sindima, bila -ra-. Ukiona -ra- ndani ya kitenzi kilichokanushwa, maana imehama: sindarima ni "sijalima bado". Ntaraza ni "hajaja". Kazi yake hapo ni ya -ja- yetu. Afisa ugani akisikia sindarima akaandika "halimi zao hili", amemfuta kwenye orodha ya mbegu mkulima ambaye alikuwa anangojea mvua tu.

Wakati ujao hauna taabu, ni -zo-: nzorima, tuzorima, bazorima. Tusiukalie.

Wakati uliopita ndio wenye kazi, na una sehemu mbili, moja ya macho na moja ya masikio. Ya macho ni kwamba mwisho wa kitenzi unabadilika. Badala ya -a huja -ye, na hiyo -ye haikai salama na konsonanti iliyo kabla yake. Baada ya m na n inakaa vizuri: kurima, yarimye, kubona, yabonye. Baada ya k inakuwa -tse: guteka, yatetse, kwandika, yanditse. Baada ya g inakuwa -ze: kuvuga, yavuze. Baada ya h inakuwa -she: gutaha, yatashe. R ndiyo yenye tabia mbili. Gukora inatoa yakoze, lakini kurwara, kuugua, inatoa yarwaye, r imemezwa. Kugenda ni yagenze, kugwa ni yaguye, kurya ni yariye, kuza ni yaje.

Usikariri orodha hiyo kama nilivyoiandika. Yapange maneno kwa familia: yale ya -tse pamoja, ya -ze pamoja, ya -she pamoja, kila familia na ukurasa wake, na kila kitenzi kipya kitafute kwao. Faida yake inaonekana unaposikia, si unaposema. Mtu akikutupia neno linaloishia -tse ambalo hujawahi kulisikia, rudisha k mahali pake, umepata kitenzi unachoweza kukiulizia au kukitafuta kwenye kamusi. Mgeni anayetafuta "tetse" kwenye kamusi hatalipata milele.

Sehemu ya masikio ni nzito zaidi. Kiswahili kina -li- moja kwa kila kilichopita. Nililima asubuhi, nililima mwaka 1980, ni -li- ileile. Kirundi hakikubali. Kinataka kujua kama jambo limetokea leo au kabla ya leo, na tofauti hiyo, katika neno kama narimye, haionekani kwenye herufi hata moja. Iko kwenye kupanda na kushuka kwa sauti tu. Tahajia ya kila siku haiandiki toni, kwa hiyo kwenye karatasi "nimelima leo" na "nililima jana" vinafanana kabisa, na kitabu chako hakitakuokoa.

Kila lugha ina swali lake inalokuuliza kabla hujafungua mdomo. Vijana wa Kiafrika waliokwenda kusoma Belgrade enzi za Yugoslavia na nchi zisizofungamana na upande wowote walikutana na swali jingine kabisa. Katika Kiserbokroeshia vitenzi vingi huja viwili viwili: pisati ni kuandika bila kujali kama ulimaliza, napisati ni kuandika hadi mwisho. Huwezi kusema uliandika barua bila kwanza kuamua kama ilikamilika. Anayetoka kwenye Kiswahili hana desturi ya kujiuliza hivyo kila mara, ingawa -me- na -li- zimemwandaa kidogo. Kasulu na Kibondo swali ni la jua: lilikuwa limeshazama mara moja tangu jambo hilo litokee, au bado?

Fikiria veranda ya zahanati. Bibi anasema umwana yaraguye, mtoto ameanguka, au alianguka. Kwa mwenye sikio, kauli hiyo tayari imeshasema kama ni leo. Kwa asiye na sikio, ni sentensi isiyo na tarehe, na mtoto aliyeangukia kichwa saa mbili zilizopita si sawa na aliyeanguka siku tatu nyuma bila kubadilika hali. Mpaka sikio lako likomae, usikisie. Neno la kukuokoa ni ryari, lini. Yaguye ryari? Jibu likiwa uno musi ni leo. Likiwa ejo, hapo tena vuta pumzi, kwa sababu ejo ni jana na ejo hiyohiyo ni kesho.

Watu hulicheka hili, lakini halina mkanganyiko wowote kwa wenyewe. Naje ejo ni "nilikuja jana". Nzoza ejo ni "nitakuja kesho". Kitenzi kimeshabeba wakati, ejo inabaki na kazi ya kuhesabu tu: siku moja kutoka leo, upande ule ambao kitenzi kimeelekea. Kwa hiyo mgeni anayeshika ejo na kukiacha kitenzi kipite ameshika upande usio na mpini. Ukipanga miadi, rudia kitenzi chote, pamoja na -zo- yake, ndipo uondoke.

Namna ya kulifundisha sikio ni hii. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Mwambie mwenyeji akusimulie alichofanya tangu alipoamka leo, kisha akusimulie alivyofanya jana. Usimwombe akutafsirie "nililima". Ukimwomba tafsiri ya neno moja atakupa neno moja, na toni itakuwa ya mtu anayejibu mtihani. Masimulizi ndiyo yanayotoa toni halisi. Baadaye chagua kitenzi kilichotokea katika masimulizi yote mawili, kisikilize mara nyingi, halafu kivumishe puani bila maneno. Ukiweza kuvumisha tofauti, ulimi utafuata. Wenyeji wengi hawatakueleza tofauti iko wapi, kama wewe usivyoweza kueleza kwa nini husemi "mtu vizuri". Ukiwa kwa Waha wa Heru au Muhambwe fanya jaribio hilihili, usikie wao wanapandishia wapi.

Sasa ndaja. Kuja kwa Kirundi ni kwenda. Kuja kwetu, kwao ni kuza. Mtu akikupigia simu anakusubiri, nawe ukamjibu ndaja kwa kudhani unasema "naja", umemwambia unakwenda zako. Ulitakiwa useme ndaza. Wakati uliopita wa kuja ni -giye, na ndagiye ni neno la kuagia, "haya, nimekwenda". Kosa hili si la wanaoanza tu. Wanaoanza hutafakari kila neno. Kosa huwapata waliozoea, wanaozungumza kwa kasi huku Kiswahili kikiwasukuma kwa nyuma. Jozi hii ya kuja na kuza, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Na salamu? Watu wengi huzihifadhi kama misemo mizima na kuziacha hapo. Ni hasara, kwa sababu salamu ni vitenzi vilivyokwisha kupangwa, tena vinavyosemwa mbele yako kutwa nzima. Mwaramutse ya asubuhi ni kuramuka katika wakati uliopita: mu- ya "ninyi", -a-, mzizi, na -tse uliyoisoma hapo juu. (Ile ra iliyomo ni ya mzizi. Si kila ra ni -ra-.) Kumwamkia mtu ni kuramutsa; sisi nasi tuna amka na amkia, kwa hiyo mawazo yamefuata njia moja. Mwiriwe ya jioni inakuuliza mmeshindaje. Murakoze, ahsante, ni gukora: mu-, -ra-, -koze, yaani mmetenda. Ndani ya maneno matatu unayo nafsi, -ra- na -ye. Uone pia kwamba mzee mmoja huambiwa mwaramutse na murakoze, kwa mu- ya wingi. Hiyo ndiyo adabu yao, na kwa mtu mzima usimpunguzie kuwa urakoze kwa sababu tu unamwona yuko peke yake. Kosa la sarufi watakusamehe. Hili la kumwita mzee kwa umoja watalinyamazia, na kunyamaziwa ni kubaya zaidi.

Kwa kusikiliza ukiwa peke yako, Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, imezoeleka ukanda huu, na jina lake lenyewe ni kitenzi: kwizera, kuamini, ku- iliyokutana na i. BBC Gahuza nayo hutangaza kwa Kirundi na Kinyarwanda. Usijaribu kuelewa taarifa nzima. Jipe kazi moja kwa kila kipindi, leo nanasa -zo- tu, kesho miishio ya -tse. Ibada za Jumapili pia ni shule nzuri kwa anayekwenda, kwa kuwa mahubiri hurudia kitenzi kimoja kwa nafsi zote.

Anayetaka vitabu, Lotta Harjula wa Finland alichapisha sarufi ya Kiha mwaka 2004 huko Köln, pamoja na matini na msamiati. Kwa Kirundi kuna sarufi ya Meeussen ya 1959, kwa Kifaransa, kavu lakini sahihi. Rahisi kuipata na yenye mazoezi mengi ni kozi ya Kirundi ya 1965 iliyoandaliwa chini ya Earl Stevick katika chuo cha lugha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kozi ile ya Kirundi ni ya Kiingereza, mazungumzo yake yamezeeka, lakini mazoezi ya -ra- yaliyomo yanafaa hadi leo. Kitabu kifungue baada ya kuwa umeshakaa na watu kidogo. Ukikifungua mapema kitakutisha na majedwali ya nyakati ambazo hutazihitaji mwaka wa kwanza.

Limebaki la uraia, nalo ni zito kuliko toni. Wajerumani waliitawala Buha na Urundi pamoja; baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji wakachukua Ruanda-Urundi, Waingereza wakachukua Tanganyika, na mstari ukapita katikati ya watu wanaoelewana. Yugoslavia ilipovunjika miaka ya 1990, lugha moja ilianza kugawanywa, hatimaye ikawa na majina manne, Kiserbia, Kikroeshia, Kibosnia na Kimontenegro, na neno dogo tu likatosha kumtambulisha mtu ni wa upande gani. Kigoma nako maneno yamewahi kutumika hivyo. Warundi walikimbilia huku mwaka 1972, wengine wakaishi vijijini miaka yote. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ikapita Kagera, Kigoma na Geita kuwasaka wahamiaji haramu. Na Waha waliozaliwa hapahapa wamejikuta mara nyingi wakitakiwa kuthibitisha kwamba si Warundi.

Kwa hiyo ukishaanza kusikia tofauti, kwamba huyu anasema hivi na yule vile, zibakize daftarini. Usiulize kwa utani, "Mbona unasema kama Mrundi?" Usimsahihishe mtu Kiha chake kwa Kirundi ulichokisoma kitabuni, wala kinyume chake, na usikubali kuitwa pembeni na ofisa yeyote umsaidie kukisia fulani ametoka wapi kwa kusikiliza vitenzi vyake. Hata mtaalamu hawezi, maana Mha wa kijiji cha mpakani kama Mabamba na Mrundi wa Gisuru wamekuwa wakinunua na kuoana muda wote huo. Fomu yako ikiwa na nafasi ya uraia, muulize mhusika kwa Kiswahili, kisha andika alichokujibu.